Roboti Katika Karakana ya Jua Kali: Nafasi ya Kiswahili Kati ya Wanafunzi na Mafundi wa Meru na Embu

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna kikundi cha wanafunzi wanaounda roboti kinavyoweza kuendeshwa kwa ushirikiano na watengenezaji wa vyuma na mashine walio karibu nao, hasa katika eneo la Meru na Embu. Hoja kuu ni kwamba ushirikiano huo hufaulu au hukwama katika lugha kabla ya kufaulu au kukwama katika fedha. Mwanafunzi husomea uhandisi kwa Kiingereza. Fundi hufanya kazi kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha ya mama na maneno ya mkopo. Kwa kutumia mikabala miwili ya nadharia ya istilahi, makala yanaonyesha kuwa karakana si mahali pa kupelekewa istilahi tu, bali pia ni mahali zinapozaliwa. Mwishoni, makala yanapendekeza kazi mahususi ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuifanya ndani ya kikundi kama hicho.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayetoka mjini Embu kwenda Meru kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hupita katika eneo lenye vyuo vingi. Kuna Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati yake mwaka 2016. Kuna Chuo Kikuu cha Chuka. Na Meru kwenyewe kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati mwaka 2013 na ambacho kiko Nchiru, pamoja na Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya na chuo cha taifa cha ufundi. Kandokando ya barabara hiyo hiyo kuna karakana za jua kali ambamo hutengenezwa milango, madirisha, mikokoteni ya punda na mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Nyambene kuna viwanda vya majani chai, kama vile Mungania na Rukuriri upande wa Embu, Imenti na Githongo upande wa Meru. Kila kiwanda cha aina hiyo kina idara ya matengenezo, kwa kuwa rola za kukatia chai huishiwa na makali na lazima zinolewe kila mara kwa mashine maalumu.

Kwa hiyo eneo hili lina wanafunzi wanaotaka kuunda mashine na lina mafundi ambao wameziunda miaka mingi. Umbali uliopo baina yao si wa kilomita. Mwanafunzi akiingia karakanani na mchoro wake wenye maandishi ya Kiingereza, mara nyingi hukuta kwamba fundi anajua kuifanya kazi hiyo kuliko yeye, ila hawana maneno ya pamoja ya kuizungumzia. Umbali huo ndio mada ya makala haya.

Suala la roboti limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni kazi inayolazimisha taaluma nyingi kukutana: ufundi wa vyuma, umeme, na uandishi wa programu za kompyuta. Pili, vijana wa Kenya tayari wamo katika uwanja huu. Mashindano ya FIRST Global, yanayowaleta pamoja vijana wa shule kutoka mataifa mengi, yalifanyika kwa mara ya kwanza jijini Washington mwaka 2017, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka timu. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha silabasi ya kufundishia uandishi wa programu shuleni. Vijana watakaoingia vyuo vya Meru na Embu katika miaka ijayo watakuwa wameionja kazi hii mapema. Swali ni iwapo watakuwa na lugha ya kuifanyia nyumbani kwao.

2.0 Misingi ya kinadharia

Mikabala miwili ya istilahi inafaa kutajwa. Wa kwanza ni ule wa Eugen Wüster, mhandisi wa Austria ambaye kazi zake, kuanzia tasnifu yake ya mwaka 1931, ziliweka msingi wa taaluma ya istilahi. Kwa mujibu wa mkabala huu, dhana hutangulia neno, na lengo ni kila dhana iwe na istilahi moja na kila istilahi iwe na dhana moja, ili wataalamu wasikosane. Wa pili ni mkabala wa kimawasiliano unaohusishwa na Maria Teresa Cabré wa Katalunya, ulioshika nguvu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Huu unashikilia kuwa istilahi ni sehemu ya lugha hai. Hubadilika kulingana na mzungumzaji, mahali na kiwango cha utaalamu, na dhana moja yaweza kuitwa kwa majina zaidi ya moja bila mawasiliano kuvunjika.

Historia ya istilahi za Kiswahili imeegemea zaidi upande wa Wüster. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, hadi kuasisiwa kwa BAKITA mwaka 1967 na kazi za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, juhudi kubwa ilikuwa kusanifisha: kuchagua neno moja, kuliandika na kulisambaza. Juhudi hizo zilizaa matunda yanayostahili heshima. Hata hivyo, hatima ya neno haiamuliwi mezani pekee. Mfano unaofahamika na kila mwanafunzi wa Kenya ni tarakilishi. Neno hilo liliundwa kwa ustadi, likafundishwa shuleni na likatahiniwa. Lakini katika duka la vifaa hivyo, mjini Meru au kwingineko, anayeuza na anayenunua husema kompyuta.

Jambo la tatu la kuzingatia ni hali ya lugha yenyewe. Mwaka 1972, Abdulaziz Mkilifi alieleza hali ya Tanzania kuwa ya ngazi tatu za lugha: lugha ya mama, Kiswahili na Kiingereza, kila moja ikiwa na nyanja zake. Maelezo hayo yanaifaa Meru na Embu pia, ingawa uwiano ni tofauti. Fundi na mkewe huzungumza Kimeru, Kiembu au Kimbeere. Fundi na mteja aliyetoka mbali huzungumza Kiswahili. Mchoro wa mwanafunzi huandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Karakanani, Kiswahili ndiyo ngazi ya katikati, na ni juu ya ngazi hiyo mwanafunzi na fundi wanaweza kukutana bila mmoja wao kudhalilika.

3.0 Chuo na karakana: mafunzo mawili ya historia

Ushirikiano wa chuo kikuu na karakana si jambo geni nchini Kenya. Mwaka 1986, Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Wahandisi wa chuo walishirikiana na wenzao wa taasisi nyingine, na vipuri vilitengenezwa katika karakana za Shirika la Reli. Mwaka 1990 magari ya majaribio yaliyoitwa Nyayo Pioneer yalizinduliwa hadharani. Kampuni iliundwa ili iyatengeneze kwa wingi, lakini fedha za kufanya hivyo hazikupatikana. Kilichobaki ni karakana yenye mitambo ya kukatia vyuma, ambayo baadaye ilijulikana kama Numerical Machining Complex.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 kulikuwa na jaribio jingine dogo zaidi: jiko la makaa lenye ganda la bati na moyo wa udongo wa kuchoma. Wazo la moyo wa udongo lilitokana na majiko ya Thailand. Umbo lilirekebishwa nchini. Ganda la bati likatengenezwa na mafundi wa jua kali, wakiwemo wale wa Kamukunji jijini Nairobi. Jiko hilo lilienea kwa sababu fundi aliweza kulitengeneza kwa nyundo na mkasi wa bati aliokuwa nao, na akaliuza bila kungoja idhini ya mtu. Hata katika vitabu vya Kiingereza linaitwa jiko. Kifaa kilipobaki mikononi mwa waliokitengeneza, jina lao lilibaki nacho.

Si haki kuilinganisha kazi ya gari na kazi ya jiko kana kwamba ugumu wake ni mmoja. Hata hivyo, tofauti moja inafaa kuzingatiwa na kikundi chochote cha wanafunzi. Kazi ya kwanza ilitegemea chanzo kimoja cha fedha kilicho mbali, nacho kilipokauka, kazi ilisimama. Kazi ya pili ilitegemea ujuzi uliokwisha kuwapo karakanani. Roboti ya wanafunzi iko katikati ya hizo mbili: ubongo wake lazima ununuliwe kutoka nje, lakini mifupa yake yaweza kutengenezwa Makutano, Runyenjes au mjini Embu.

Ikumbukwe pia kuwa ufuaji chuma katika eneo hili ni wa kale kuliko barabara na vyuo vyake. Mwaka 1971 Jean Brown alichapisha maelezo kuhusu uhunzi wa kusini mwa Mbeere, sehemu ambayo sasa ni ya Kaunti ya Embu. Mwanafunzi anayeingia karakanani haleti ufundi mahali usipokuwapo.

4.0 Kuendesha kikundi

4.1 Nani ni mfadhili?

Neno mfadhili katika Kenya ya leo humfanya msikilizaji afikirie shirika la kigeni lenye hundi. Dhana hiyo huvidhuru vikundi vya wanafunzi, kwa kuwa hukaa mwaka mzima wakiandika barua za kuomba fedha ambazo hazijibiwi, ilhali umbali wa dakika kumi kuna fundi mwenye mashine ya kukatia vyuma isiyotumika Jumapili mchana. Katika mashindano ya FIRST yaliyoasisiwa nchini Marekani na Dean Kamen mwaka 1989, ni jambo la kawaida timu kutegemea karakana na viwanda vya mji wake, na majina ya wadhamini hao hutajwa pamoja na jina la timu. Mdhamini aweza kutoa vipande vya chuma vilivyosalia, saa mbili za mashine, au jicho la mtu mzoefu.

Hata hivyo, mafundi wa jua kali si kampuni kubwa. Saa ya fundi ni unga wa nyumbani kwake. Kikundi kinachoomba "msaada" bila kueleza kinaomba nini hasa, kwa muda gani na kwa malipo gani, humweka fundi katika hali ya kukataa kwa aibu au kukubali kwa hasara. Barua au mazungumzo ya kwanza yanapaswa kueleza mambo manne: kazi yenyewe, idadi ya vipande, siku vinapohitajika, na kile ambacho kikundi kitamtendea fundi. Jambo la nne ndilo husahaulika. Wanafunzi wanaweza kulipia chuma na umeme. Wanaweza kumtengenezea fundi jedwali la bei na gharama. Wanaweza kumchorea kigezo cha kukatia vipande vya mashine ya majani ili vyote vilingane. Na wanaweza kuandika jina la karakana yake ubavuni mwa roboti. Kwa hivyo ushirikiano ni neno bora kuliko msaada, mradi uwe wa kweli.

4.2 Mgawanyo wa kazi na wakati

Kikundi cha watu 11 au 12 kinatosha. Wanne hushughulikia umbo na vyuma, watatu umeme, wawili au watatu programu, na wawili kumbukumbu, barua na hesabu za fedha. Kwa miaka mingi, hadi 2019, timu za mashindano makuu ya FIRST zilipewa takriban wiki 6 za kuunda roboti baada ya kutangaziwa kazi yenyewe. Muda huo unafaa hata kwa kikundi kisichoshindana na mtu, kwa kuwa kazi isiyo na mwisho haina mwanzo.

Wiki ya kwanza ni ya kuamua roboti itafanya nini, na lisiwe zaidi ya jambo moja. Wiki ya pili ni ya kutengeneza kielelezo cha kadibodi na mbao kwa ukubwa halisi. Kielelezo hiki kina thamani ya kilugha: fundi hupima kwa kitu, na kitu hakihitaji tafsiri. Wiki ya tatu ni ya vyuma, ya nne ni ya nyaya na mota, ya tano ni ya programu na majaribio, na ya sita ni ya kurekebisha yale yaliyovunjika. Kikundi ambacho hakitengi wiki ya sita hutengeneza mambo usiku wa kuamkia maonyesho.

4.3 Vifaa vilivyo karibu

Vipuri vingi vya roboti ya kujifunzia vinapatikana palipo na bodaboda na magari mabovu, yaani kila mji wa eneo hili. Mota ya waipa ya gari hutumia umeme wa volti 12, huzunguka polepole na ina nguvu nyingi, kwa sababu ndani yake tayari kuna gia ya kupunguza mwendo. Betri ya pikipiki ni ya volti 12 vilevile. Mnyororo wa pikipiki pamoja na magurudumu yake ya meno hufundisha somo zima la fizikia: mota ikizungusha gurudumu lenye meno 14 na mnyororo ukapita kwenye gurudumu lenye meno 42, basi mota itazunguka mara 3 ili tairi izunguke mara 1. Mwendo hupungua hadi theluthi, na nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu mara tatu, isipokuwa ile inayopotea kwa msuguano. Fundi wa pikipiki analijua jambo hili bila fomula. Humwambia mteja wa milimani aongeze meno ya nyuma ili pikipiki "ipande".

Kanuni moja isivunjwe: mota inunuliwe kwanza, ndipo chuma kikatwe. Anayekata chuma kwa kufuata vipimo vya mota aliyoiona kwenye picha hukata mara mbili.

5.0 Lugha ya karakana

5.1 Kamusi na karakana

Ulinganisho mfupi wa maneno ya kamusi na yale yanayosikika katika karakana nyingi za Kenya unaonyesha hali ilivyo:

Kifaa cha kubania kazi: kamusini ni jiliwa, karakanani ni vaisi.
Chombo cha kutobolea: kamusini ni keekee, karakanani ni drili.
Kuunganisha vyuma kwa moto: kamusini ni kulehemu, karakanani ni kuchomelea.
Mashine ya kuzungusha na kuchonga: kamusini ni kerezo, kutokana na kukereza, karakanani ni lethi.
Chombo cha kunolea na kulainishia: kamusini ni tupa, karakanani pia ni tupa.

Safu hii ina mafunzo kadhaa. Maneno ya kamusini si ya kubuniwa juzi. Keekee, jiliwa na kukereza ni maneno ya maseremala na mafundi wa pwani, watu waliounda milango na vyombo vya bahari kabla ya chuo chochote kujengwa Nairobi. Hayakusafiri hadi Meru na Embu kwa sababu ufundi wa kisasa wa huko uliletwa na shule za ufundi, misheni, reli na majeshi, pamoja na Kiingereza chake. Tupa peke yake ilisafiri, kwa kuwa ilikuja na panga la mkulima. Neno husafiri na chombo chake.

Kuchomelea ni mfano wa namna nyingine. Halikuletwa na yeyote. Lilinyambuliwa na mafundi wenyewe kutokana na kitenzi choma, na kila mzungumzaji hulielewa mara moja. Hapa karakana imefanya kazi ya baraza la lugha, tena kwa kufuata sarufi ya Kiswahili barabara. Kwa mkabala wa Cabré, hakuna haja ya kulifukuza neno hilo ili kulehemu litawale. Pana nafasi ya yote mawili: lehemu ikafaa zaidi kwa kuunganisha nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa, na kuchomelea ikabaki kwa vyuma. Mgawanyo huo ungemfaa mwanafunzi wa roboti, ambaye hufanya kazi zote mbili kwa siku moja.

5.2 Vipimo

Hatari kubwa zaidi haiko katika majina ya vyombo, bali katika vipimo. Vyuo hufundisha kwa milimita. Chuma na vichwa vya drili katika maduka mengi bado hutajwa kwa inchi na sehemu zake. Ichukuliwe kwamba mhimili wa mota una unene wa milimita 6. Mwanafunzi anamwambia fundi atoboe tundu "la sita". Fundi hana kichwa cha milimita 6. Anachukua cha robo inchi, ambacho ni milimita 6.35, na kwa mlango au mkokoteni tofauti hiyo si kitu. Kwa roboti, tofauti ya milimita 0.35 humfanya mhimili utikisike, tairi ipinde, na roboti iliyoagizwa kwenda moja kwa moja iende upande. Mwandishi wa programu atatafuta kosa katika programu yake siku tatu, na kosa haliko huko.

Si fundi aliyekosea wala si mwanafunzi. Kilichokosekana ni sentensi moja ya Kiswahili inayoeleza kazi ya tundu hilo. Mazungumzo ya kubuni yafuatayo yanaonyesha namna sentensi hiyo inavyoweza kutafutwa:

Mwanafunzi: Fundi, chuma hiki kiingie hapa.
Fundi: Kiingie kikibana, ama kizunguke?
Mwanafunzi: Kizunguke, lakini kisicheze.
Fundi: Hapo unataka bushi, kijana. Ukitoboa tu, baada ya wiki moja kitaanza kucheza.

Maneno mawili katika mazungumzo haya yanastahili kuangaliwa: kubana na kucheza. Wahandisi wana majedwali marefu ya kueleza namna kipande kinavyoingia ndani ya kingine, kuanzia kile kinachogongwa kwa nyundo hadi kile kinachoteleza. Karakana imeyapanga hayo yote katika vitenzi vya kila siku: kinabana, kinaingia kwa kugongwa, kinateleza, kinacheza. Hizi ni istilahi, ingawa hakuna kamusi iliyoziorodhesha hivyo. Mwanafunzi wa Kiswahili anayezirekodi pamoja na vipimo vyake kwa milimita atakuwa amefanya utafiti wa kweli wa istilahi.

5.3 Sehemu ambazo karakana haina jina

Kwa upande mwingine, kuna dhana ambazo fundi hakuzihitaji hapo awali, na hapa mwanafunzi ndiye mwenye wajibu wa kuleta neno. Kifaa kinachotambua mwanga au umbali kimeitwa kihisi, kutokana na kitenzi hisi. Maagizo ya kompyuta huitwa msimbo au programu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi iliyokuwa kwa Kiswahili, jambo lililothibitisha kuwa lugha hii haishindwi na kompyuta. Neno kihisi lina faida karakanani kwa sababu linajieleza. Mwanafunzi akisema, "Hapa mbele kutakaa kihisi, ndicho macho yake," fundi atajua papo hapo kwamba mahali hapo hapafai kuchomelewa bamba la kuziba.

6.0 "Imefika" au "amefika"?

Suala la sarufi haliwezi kuepukwa. Neno roboti, kwa umbo lake, huwekwa katika ngeli ya I-ZI: roboti imefika, roboti zimefika. Hata hivyo, wapo wazungumzaji wanaosema roboti amefika, hasa inapotembea na kujibu. Kiswahili kina kanuni kwamba viumbe vyenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA bila kujali umbo la nomino. Kifaru mnyama amekimbia. Kifaru cha vita kimelipuliwa. Umbo ni moja, lakini uhai ndio unaoamua. Je, roboti iko upande gani?

Jibu la sarufi ni kwamba iko upande wa kifaru cha vita. Lakini lugha ya karakana inaonyesha kuwa mpaka huo haukuwahi kuwa mkavu. Injini imekataa kuwaka, betri imekufa, springi imechoka, meno ya gia yamelika. Fundi huipa mashine nia, uchovu na mauti katika kitenzi, kisha huinyima uhai katika kiambishi. Husema imekataa, hasemi amekataa. Hivyo Kiswahili kinairuhusu mashine itende kama mtu huku kikikumbusha kila mara kwamba si mtu.

Asili ya neno lenyewe inaipa hoja hii uzito. Neno roboti lilienezwa duniani na tamthilia ya R.U.R. ya Karel Čapek wa Chekoslovakia, iliyochapishwa mwaka 1920 na kuigizwa Prague mwaka 1921. Inasemekana neno lilipendekezwa na nduguye, Josef, kutokana na robota, yaani kazi ya lazima ambayo wakulima watwana waliwafanyia mabwana zao. Kiswahili kina neno la dhana hiyo: shokoa, kazi ya kulazimishwa isiyo na malipo. Wakenya waliifahamu kazi ya namna hiyo chini ya ukoloni. Mwanafunzi wa fasihi anapaswa kuuliza, katika kikundi kinachounda mashine ya kumfanyia mtu kazi, ni nani anayefanya kazi bila malipo. Ikiwa fundi anatoboa na kuchomelea bure huku vyeti na safari vikienda kwa wanafunzi, basi shokoa imerudi karakanani kwa jina la ushirikiano.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, kila kikundi cha roboti kimwalike mwanafunzi mmoja wa Kiswahili awe mwanachama kamili, si mtafsiri wa siku ya maonyesho. Kazi yake iwe kuandika daftari la kazi kwa Kiswahili: kila kipande, jina lake la chuoni, jina lake la karakanani, kipimo chake na maelezo ya fundi.

Pili, vyama vya Kiswahili vya vyuo vya eneo hili vishirikiane kutengeneza faharasa fupi ya maneno yasiyozidi 100, yenye vielelezo vilivyochorwa. Faharasa hiyo ioneshe neno la kamusi na neno la karakana bega kwa bega, bila kulidharau lolote. Maneno ya Kimeru, Kiembu na Kimbeere yanayotumiwa na mafundi yaongezwe pale yalipo.

Tatu, mwanafunzi aingie karakanani kama mwanagenzi. Neno hili la Kiswahili lenye maana ya anayejifunza kazi kwa fundi linafaa kufufuliwa. Mwanagenzi husalimu, huuliza, hushika taa, hufagia, kisha ndipo huonyesha mchoro wake.

Nne, siku roboti inapoonyeshwa chuoni, fundi aalikwe aeleze kwa Kiswahili sehemu aliyoitengeneza. Wahadhiri wa uhandisi watasikia ufundi ukielezwa kwa lugha ambayo wengi wao huizungumza lakini hawafundishii.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kikundi cha wanafunzi wa roboti katika Meru na Embu hakikosi watu wa kushirikiana nao, kwa kuwa karakana na viwanda viko jirani. Kinachohitajika ni lugha ya kazi, makubaliano ya haki, na unyenyekevu wa kujifunza kwa mtu asiye na shahada. Historia ya gari la Pioneer na ya jiko la makaa inafundisha kwamba kazi hudumu inapokuwa mikononi mwa wengi. Uchunguzi wa maneno ya karakana unafundisha kuwa istilahi hudumu kwa njia hiyo hiyo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mhandisi bila fundi ana mchoro tu. Fundi bila mhandisi ana mkokoteni usiojiendesha. Na wote wawili wasipokuwa na neno la pamoja watakuwa na tundu la robo inchi na mhimili unaocheza. Tundu hilo lisingetobolewa vibaya kama mtu angejua kuuliza kwa Kiswahili: kibane, au kizunguke?